Manowari ya Rufiji na Nahodha Wake

Tangu mwaka 1963 Waingereza wana mchezo wa televisheni, Doctor Who, juu ya chombo kinachopita angani na katika nyakati zilizopita na zijazo. Mwenye chombo hukisemesha kama mtu, wala hakubali kukiacha. Sisi wa Mbuchi tusicheke upesi. Manahodha wa majahazi nao husema na vyombo vyao. Tena humu deltani mambo hayo yalitokea kweli.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliipiga Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, nayo ikazama. Kisha mitambo ya Königsberg ikaharibika, ikajificha katika mikono ya Rufiji. Looff hakuiacha. Vipande vya mitambo ya mvuke vilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Nani walivuta kamba? Waafrika! Jina la nahodha limeandikwa vitabuni. Yao tutayatafuta wapi?

Tarehe 11 Julai 1915 manowari Severn na Mersey ziliishinda. Looff, mwenyewe amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe isitwaliwe na adui. Hata hivyo hawakuachana: mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu, na mabaharia wakapigana nayo barani. Mmoja uko Mombasa, penye Ngome ya Yesu; mwingine uko Pretoria.

Looff alifariki mwaka 1954. Gofu la meli lilionekana mtoni miaka kadhaa baadaye, ndipo tope likalimeza.