Mgonjwa Akilala, Nani Amjulishe Mwajiri?

Maradhi hayapigi hodi. Mama aliyeajiriwa dukani au hotelini aweza kulala mzima akaamkia kitanda cha hospitali. Katika hekaheka hiyo jamaa hukumbuka kila kitu, nguo, uji, pesa za dawa, ila kumjulisha mwajiri. Kufikia siku ya tatu jina lake limekwisha andikwa kuwa ni mtoro. Nayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, yahesabu kukosa kazini bila ruhusa wala sababu ya halali kuwa ni kosa kubwa, ambalo mtu aweza kuachishwa kazi kwalo papo hapo.

Sheria iyo hiyo, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa: si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12 ya utumishi. Yatakiwa cheti cha daktari aliyehitimu, au cha msimamizi wa zahanati atiaye saini kwa niaba yake. Tena, ili alipwe mshahara kamili, mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo kwamba mtu hayupo na sababu yake.

Hapa ndipo pana jambo ambalo aghalabu hatulijui. Sheria haikumlazimisha mgonjwa anene kwa kinywa chake. Imeruhusu mwingine ajulishe kwa niaba yake. Basi mume, dada, mtoto mkubwa, hata jirani, atosha. Kifungu hicho hakikutaja barua wala fomu, lakini ujumbe wa simu ni bora kuliko maneno matupu, kwani hubaki na tarehe yake. Na namba ya msimamizi wa kazi iandikwe mahali nyumbani. Simu ya mgonjwa ina neno la siri, na mwenyewe hana fahamu!

Sisi tunaosomea wagonjwa ruqya huombwa wakati mwingine tuandike barua ya kupeleka kazini. Kisomo ni kisomo, lakini karatasi yetu si cheti cha daktari mbele ya sheria hii. Mgonjwa apitishwe zahanati pia.

Uzazi una hukumu yake katika kifungu cha 29. Likizo ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na notisi ni ya maandishi, si chini ya siku 7 kabla, ikitaja tarehe ya kuondoka na nia ya kurejea kazini. Uchungu ukija ghafla, muda mfupi zaidi unaokubalika kwa hali ilivyo watosha.

Aliyekwisha kufukuzwa asikae akilia ndani. Ana miezi 3 tangu siku hiyo kumpelekea afisa wa leba malalamiko yake.

Nasi tulioajiri dada wa kazi majumbani tu waajiri vilevile. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri achukue kila hatua ya maana ili apate habari mapema mfanyakazi wake anapougua. Kwa hivyo bibi wa nyumba anayemwona binti akitetemeka kwa homa jikoni hana hoja ya kusema, "Hukuniambia."