Kusubiri Msimu: Hadhira ya Tamthilia za Fantasia na Urithi wa Sigana Ufuoni Dunga

Utangulizi

Dunga ni kijiji cha wavuvi kilichoko kusini mwa jiji la Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam. Upande mmoja kuna vinamasi vya mafunjo, upande mwingine kuna ufuo wenye mitumbwi na vibanda vya samaki, na nyuma yake limetanda jiji lenye runinga, simu na intaneti. Katika mazingira hayo zinaishi pamoja aina mbili za hadithi za ajabu. Ya kwanza ni sigana, yaani ngano za Waluo, ambamo watu hugeuka mawe na wanawake huibuka kutoka majini. Ya pili ni tamthilia za fantasia za televisheni, ambamo majoka hutema moto na wafu hufufuka, na ambazo huonyeshwa kwa majuma machache kisha zikakatizwa kwa mwaka mzima au zaidi hadi msimu mwingine uwe tayari.

Imezoeleka kudaiwa kwamba aina hii ya pili imeiua ile ya kwanza. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kutazama jambo ambalo wahakiki hawajalipa uzito unaostahili, nalo ni kipindi cha kusubiri. Inapendekezwa hapa kwamba katika kipindi hicho hadhira ya televisheni hurudishiwa, kwa muda tu, nafasi ambayo hadhira ya sigana ilikuwa nayo daima: nafasi ya kushiriki katika utungaji.

Neno "msimu" na maana zake

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. "Msimu" limetokana na neno la Kiarabu "mawsim", ambalo pia ndilo asili ya jina ambalo Wazungu wamezipa pepo za Bahari ya Hindi. Kwa mabaharia wa Pwani, msimu ulikuwa kaskazi au kusi. Jahazi lililokuja na kaskazi lilisubiri kusi ndipo lirejee kwao. Msimu, kwa hivyo, ulikuwa kitu kisichoharakishwa wala kuahirishwa na mtu yeyote.

Mvuvi wa Dunga anaijua subira ya aina hiyo bila ya kuwa na bahari. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa kazi hupungua, kwa sababu samaki hawavutiwi tena na mwanga wa taa. Isitoshe, kwa miaka mingi kanuni za Kenya zimeufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Miezi hiyo ni ya kushona nyavu na kukarabati mitumbwi. Anayesubiri msimu wa omena hajui atapata kiasi gani, lakini anajua kwamba mwezi utafifia na kwamba Agosti itafika.

Kiswahili kilipohitaji neno la kutaja mfululizo wa sehemu za tamthilia zinazoonyeshwa katika kipindi kimoja, kilichukua neno hili hili. Matumizi hayo yanafaa, ila yanaficha tofauti moja muhimu. Msimu wa runinga hauletwi na upepo wala mwezi. Huletwa na mikataba, fedha na afya ya waigizaji. Mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Mei 2023 na kumalizika Septemba mwaka huo ulichelewesha tamthilia nyingi. Miongoni mwazo ni Stranger Things, ambayo msimu wake wa nne ulionyeshwa mwaka 2022 na wa tano ukaanza Novemba 2025. Tamthilia isiyo na watazamaji wa kutosha huweza kukatizwa isirudi kabisa. Katika hili, mtunzi wa televisheni anafanana na Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, aliyeikata hadithi yake kila alfajiri ili aachiwe uhai hadi usiku uliofuata. Hadithi huishi maadamu yuko anayetamani kuisikia.

Sigana: hadithi ambayo mwisho wake unajulikana

Katika boma la Kiluo la zamani, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, wakasimuliwa sigana. Hadithi zenyewe zilikuwa za fantasia kwa kila kigezo. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini wa upande wa Gwassi. Siku moja alivua bibi kizee badala ya samaki, akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo mifugo na mali vikafurika bomani mwake. Utajiri ukamlevya, na pombe nayo ikamlevya. Usiku mmoja alichelewa kufunguliwa lango, akamtukana bibi huyo kwa kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Bibi aliondoka bila ya kujibizana naye, akarudi majini, na ng'ombe wote wakamfuata. Nyamgondho alisimama ameegemea fimbo yake akitazama, naye akageuka. Wapo wasemao aligeuka mti, na wapo wasemao jiwe. Huko Nyandiwa wageni bado huonyeshwa mahali penyewe na alama zinazosemekana kuwa kwato za ng'ombe hao kwenye mwamba.

Luanda Magere naye, shujaa wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe usiopenya mkuki. Nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Mkewe, aliyetoka kwa maadui wa Kinandi, aliigundua siri hiyo alipomuuguza, akawapelekea watu wake. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa, na shujaa akaanguka akawa jiwe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hadhira ya sigana iliujua mwisho. Mtoto aliyesikia habari za Nyamgondho kwa mara ya kumi hakuwa na shaka kwamba ng'ombe wangeondoka, na bado alisikiliza kwa hamu. Taharuki yake haikuwa ya kujiuliza "nini kitatokea?" bali "itasimuliwaje leo?" Hadhira iliitikia wimbo, ilijibu maswali ya fanani, na fanani aliyeruka kipengele muhimu alikumbushwa papo hapo. Hadithi haikuwa mali ya msimulizi peke yake.

Taharuki ya kukatizwa

Tamthilia za televisheni zimejengwa juu ya taharuki ya aina nyingine, ile ya kutojua. Mfano ulio dhahiri ni Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia Aprili 2011 hadi Mei 2019 katika misimu minane yenye jumla ya sehemu 73. Tamthilia hiyo ilitokana na riwaya za George R. R. Martin, ambaye kitabu chake cha tano katika mfululizo huo kilitoka mwaka 2011, na cha sita kingali kinasubiriwa. Filamu iliutangulia maandishi, na hata wasomaji wa vitabu wakabaki gizani pamoja na watazamaji wengine. Msimu wa saba ulipokwisha Agosti 2017, hadhira ilisubiri hadi Aprili 2019, takriban miezi ishirini.

Watazamaji walifanya nini katika miezi hiyo? Inaweza kusemwa kwamba walifanya mambo matatu. Kwanza, walisimulia upya, kwa sababu aliyekosa misimu ya awali alihitaji mtu wa kumpasha habari kabla ya msimu mpya. Pili, walibashiri, wakitumia dalili zilizotawanywa katika sehemu zilizopita kukisia nani atarithi kiti cha enzi. Tatu, walihukumu, yaani walijadili ni mhusika gani anayestahili kufa na ni yupi anayestahili kutawala. Kusimulia upya ni kazi ya fanani. Kubashiri kunahitaji ujuzi wa kanuni za utanzu. Kuhukumu ni kutafuta maadili ya hadithi, kazi ambayo katika siwindhe ilifanywa na pim na watoto kwa pamoja. Hata mwiko haukukosekana. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilikatazwa kutamba ngano mchana. Miongoni mwa mashabiki wa televisheni, kumfichulia mwenzako yaliyotokea kabla hajatazama ni kosa linaloweza kuvunja urafiki.

Msimu wa nane ulipofika, wengi hawakuridhika. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu huo utungwe upya. Wapo waliowacheka, lakini ghadhabu yao inaeleweka ikiwa itatazamwa kwa jicho la fasihi simulizi. Walikuwa wameishi ndani ya hadithi kwa karibu miaka miwili wakiitunga pamoja, kisha wakakuta kwamba mchango wao haukuwa na mahali pa kupokelewa. Katika siwindhe pingamizi lingesikika usiku ule ule. Mbele ya runinga lilibaki kuwa saini.

Kisumu na mfalme aliyefariki

Kisumu yenyewe ilipata mfano wake kupitia filamu. Black Panther, hadithi ya ufalme wa kubuni wa Wakanda, ilizinduliwa katika jiji hilo Februari 2018. Mmoja wa waigizaji wake wakuu ni Lupita Nyong'o, ambaye familia yake inatoka katika kaunti hiyo. Wenyeji waliosubiri filamu ya pili walikutana na jambo lisilo la kubuni: mnamo Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa, aliaga dunia. Mjadala ukazuka kati ya waliotaka mwigizaji mwingine apewe nafasi hiyo na walioona kwamba kufanya hivyo ni kumkosea marehemu heshima. Watengenezaji waliamua kumzika mfalme ndani ya hadithi, na filamu ya pili, iliyotoka Novemba 2022, ikaanza kwa matanga. Kwa jamii inayothamini mazishi kama ya Waluo, uamuzi huo haukuhitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, mfano huu unaonyesha tena kwamba hadhira ilijadili, lakini kauli ya mwisho ilitolewa mbali nayo.

Sauti ya tatu: wasimulizi wa filamu

Hata hivyo, Afrika Mashariki ina sanaa inayoziba pengo hilo kwa kiasi. Katika kumbi ndogo za video, mijini na kwenye fuo za Ziwa, filamu ya kigeni mara nyingi haiachwi ijisemee. Sauti ya msimulizi huwekwa juu ya sauti ya filamu. Nchini Kenya amevuma DJ Afro, anayesimulia kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Sheng'. Tanzania imemjua Lufufu, na Uganda ina wasimulizi wengi wanaotumia Kiluganda.

Wasimulizi hawa hawatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya mitaani, huwatania, huwaonya, na mara kwa mara hudokeza yatakayotokea kabla hayajatokea. Kwa mtazamaji aliyezoea taharuki ya kutojua, kudokeza huko ni kuharibu. Lakini ukumbi haupungui watu. Sababu yake ni ile ile ya siwindhe: watu hawakuja tu kujua mwisho, wamekuja kusikia namna ya kusimulia. Ingawa kazi nyingi za wasimulizi hawa ni za filamu kamili badala ya tamthilia za misimu, zinathibitisha kwamba desturi ya fanani na hadhira haijafa, bali imehamia mahali ambapo wasomi hawaendi kuitafuta.

Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, dai kwamba fantasia ya televisheni imeiua sigana linahitaji kurekebishwa. Mazoea ya hadhira ya kusimulia upya, kubashiri, kuhukumu na kuchunga miiko yangali hai, na huchanua hasa pale tamthilia inapokatizwa. Kinachokosekana ni fanani anayeweza kuisikia hadhira yake. Mtunzi wa ng'ambo hawezi kumsikia kijana wa Dunga. Msimulizi wa Kiswahili aliye karibu naye anaweza.

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi ya kufanya. Usimulizi wa filamu unastahili kurekodiwa, kunukuliwa na kuhakikiwa kama utanzu wa fasihi simulizi ya leo, badala ya kupuuzwa kwa sababu ya Sheng' iliyomo. Sigana nazo, ambazo wanaozijua kwa ukamilifu wanazidi kupungua, zinastahili kuandikwa kwa Kiluo na kufasiriwa kwa Kiswahili, ili Nyamgondho na Luanda Magere wapate waandishi wa tamthilia watakaowapa misimu yao. Mvuvi anayesubiri msimu wa omena hakai bure, hushona nyavu. Subira huvuta heri kwa anayeitumia kujiandaa.