Kura na Kazi: Je, Bosi Anaweza Kukunyima Ruhusa?

Katiba inasema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2017 na 2022 serikali ilitangaza siku hiyo kuwa sikukuu, na watu wa ofisini wakabaki nyumbani. Lakini askari wa getini je? Na dada anayelea watoto, au muuguzi aliye zamu? Hao sikukuu huwakuta kazini, na wengi hufikiri basi, kura imewapita.

Haijawapita. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi aliye mpiga kura muda wa kutosha wa kwenda kupiga kura. Haruhusiwi kukata mshahara kwa sababu ya muda huo, wala kumwadhibu mtu. Mwajiri akikataa au akitumia vitisho, ametenda kosa. Na mwajiri si kampuni kubwa tu. Hata mama mwenye mfanyakazi mmoja wa nyumbani ni mwajiri.

Sasa, muda wa kutosha ni saa ngapi? Sheria haikutaja, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Bosi atasema nusu saa, nayo foleni imezunguka uwanja wa shule mara mbili! Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati wa kufunga hupiga kura. Kwa hiyo elewaneni wiki moja mbele: huyu aende alfajiri, yule mchana.

Shida kubwa zaidi ni kituo. Unapiga kura pale ulipojiandikisha, si penginepo. Anayefanya kazi Nairobi na jina lake liko Busia, ruhusa ya saa chache haitamfikisha. Itabidi aombe siku katika likizo yake ya mwaka. Afadhali aende ofisi ya IEBC ahamishe kituo mapema, kabla daftari halijafungwa. Uchaguzi mkuu unaofuata ule wa 2022 ni tarehe 10 Agosti 2027.

Halafu kuna kitambulisho. Waajiri wengine hukaa nacho kabatini kama dhamana. Kiombe siku kadhaa kabla, maana bila hati uliyojiandikisha nayo hutapewa karatasi ya kura.

Ukinyimwa ruhusa, andika ni nani aliyekukatalia, saa ngapi na kwa maneno gani, kisha piga ripoti polisi au kwa maofisa wa IEBC siku hiyo hiyo.