Nguvu za gari na zianzie kwenye breki

Kuna usemi uliozoeleka miongoni mwetu sisi watu wazima kwamba kijana mwenye Subaru amekwisha kuandikiwa hukumu yake. Mlio wa ekzosi ukisikika usiku kwenye barabara kuu ya Thika, mzazi huguna, jirani hulaani, na kesho yake mwalimu hufungua kipindi kwa mahubiri. Mimi pia ni mwalimu, na fizikia ndiyo iliyonipa riziki kwa miaka mingi. Leo ningependa, kwa idhini yako mpenzi msomaji, kuyaunga mkono mahubiri hayo nusu na kuyapinga nusu.

Hoja yangu ni moja. Kuongeza nguvu za gari si dhambi wala si uhuni. Ni ufundi, na kila ufundi una mpangilio wake. Gari huongezewa kwanza uwezo wa kusimama, kisha uwezo wa kushika barabara, kisha stakabadhi zake zikanyooshwa, na mwisho kabisa ndipo injini huguswa. Vijana wetu wengi huupindua mpangilio huu na kuanzia mwishoni. Hapo ndipo ufundi ugeukapo kilio.

Mapenzi haya ya magari hayakuanza jana. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu walikesha kando ya barabara za vumbi wakimsubiri Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Sisi tuliofuata tulimshangilia Patrick Njiru, ambaye mwaka 1993 aliendesha kigari kidogo cha Subaru Vivio katika njia zilizowashinda wenye magari makubwa. Mashindano hayo yalitolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarejea Naivasha mwaka 2021. Kijana anayelitamani gari la kasi leo, kwa hiyo, ni mrithi wa mapenzi ya babu yake. Tusimcheke.

Hata hivyo, mrithi huyu ameurithi mlio akauacha mwili. Gari la mashindano halikubaliwi kuanza kabla ya kukaguliwa. Ndani yake mna fremu ya vyuma inayowalinda waliomo likipinduka, mna mikanda inayombana dereva mabegani na kiunoni, mna kizima moto, na kila aliyemo huvaa kofia ngumu. Zaidi ya hayo, liko jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. Gari hilo lina nambari za usajili kama gari lako na langu, kwa sababu kati ya hatua moja ya mashindano na nyingine hupita kwenye barabara za umma. Huko bingwa wa dunia hulazimika kutii kasi iliyowekwa, na akikiuka huadhibiwa. Dereva mwenye kasi kuliko wote mashindanoni anapopita mjini huenda kilomita 50 kwa saa. Ni nani basi aliyemfundisha kijana wetu kwamba udereva hodari huonyeshwa kwenye mzunguko wa barabara penye watu wanaovuka?

Sasa nirudi darasani. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Tuchukue gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu, linaloweza kupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Likiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa, litasimama katika mita 14 baada ya breki kukanyagwa. Likiwa na kilomita 100, litahitaji mita 55. Kumbuka kwamba dereva huchukua kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga, na katika sekunde hiyo gari la pili husafiri mita 28 bila breki yoyote. Jumla ni mita 83, karibu urefu wa uwanja mzima wa kandanda. Hapo hatujataja mvua, wala tairi lililochakaa. Fundi anayekuongezea nguvu za farasi 50 bila kuzitazama breki amekuongezea deni, na mlipaji huenda akawa mtoto wa shule anayevuka njia.

Kwa hiyo tuanze na breki. Pedi na diski zenye ubora ni ghali, lakini kilicho rahisi na kinachosahauliwa zaidi ni mafuta ya breki. Mafuta haya hufyonza unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, yanapaswa kustahimili joto la nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishafyonza maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Mtu akiuteremka mteremko wa Mai Mahiu akikanyaga breki mfululizo, mafuta hayo yakachemka, mvuke hujaa kwenye mipira na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo mno ukilinganisha na gharama ya jeneza.

Kutoka kwenye breki twende kwenye matairi, maana breki hulisimamisha gurudumu, lakini kinacholisimamisha gari ni mpira ulioshika lami. Ubavuni mwa tairi mna somo zima. Ukikuta maandishi 205/55 R16 91V, jua kwamba 205 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 91 ina maana kwamba tairi hilo linaweza kubeba kilo 615, na herufi V kwamba limetengenezwa kustahimili hadi kilomita 240 kwa saa. Herufi S ni kilomita 180 tu. Aidha, tazama tarakimu nne zinazofunga maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimewaona vijana walionunua rimu za kung'aa kwa pesa nyingi wakazivika matairi mitumba yaliyokauka na kupasuka ubavuni. Huko ni kumvisha mgonjwa suti badala ya kumpeleka hospitali.

Tukija kwenye springi, wapo wanaozikata kwa msumeno ili gari liiname chini lipendeze. Springi na shoki huundwa kwa pamoja, na kazi yake ni kulishikilia gurudumu ardhini. Springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gari linaporuka tuta, na katika nchi yenye matuta mengi kama yetu, sihitaji kueleza zaidi. Anayetaka gari lililoinama na anunue springi na shoki zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, kisha magurudumu yapimwe na kunyooshwa upya.

Baada ya hayo yote ndipo tuifungue boneti. Injini ya petroli, kwa ufupi, ni pampu ya hewa. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja huhitaji gramu 14.7 za hewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu ilizo nazo Mombasa. Fundi wa Nairobi akipunguza petroli ya kabureta ili ilingane na hewa hii, kisha mwenye gari akateremka pwani bila kuirekebisha, atakutana na hewa nzito ilhali petroli ni ile ile kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huzidisha joto, injini hugonga, na hatimaye pistoni huweza kutoboka. Magari ya kisasa yana kompyuta inayopima hewa na kujirekebisha. Lakini mtu akiibadilisha programu ya kompyuta hiyo kwa kubahatisha, au akaongeza shinikizo la turbo bila kuongeza petroli, amejirudisha kwenye tatizo lile lile.

Kadhalika kuna suala la petroli yenyewe. Magari mengi ya kasi yaliyomo nchini yalitoka Japani, na yaliundwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani ya karibu 100. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mwenye gari la aina hiyo anapaswa kutafuta petroli ya daraja la juu na kuirekebisha injini iridhike nayo, si kuikamua zaidi. Watengenezaji wa Japani wenyewe, tangu mwaka 1989 hadi 2004, walikuwa na makubaliano ya hiari ya kutovuka nguvu za farasi 280 katika magari waliyouza nchini mwao. Walikuwa na uwezo wa kuvuka hapo, wakaamua wajiwekee mpaka.

Nilisema kwamba stakabadhi hunyooshwa kabla ya injini. Sheria yetu ya trafiki haimkatazi mtu kuliboresha gari lake. Inachodai ni kwamba gari liwe salama barabarani na kwamba linalosomwa kwenye logibuku ndilo linaloonekana. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, ijulishe Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ili rekodi irekebishwe. Gari lenye nambari ya injini isiyolingana na rekodi humfanya mwenyewe ashukiwe wizi. Ijulishe pia kampuni ya bima, tena kwa maandishi. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli, na aliyeficha mabadiliko aliyoyafanya humpa mwenye bima sababu ya kukataa kumlipa siku ya msiba. Ama kuhusu ekzosi iliyoondolewa sailensa, kanuni za kelele za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira zinayagusa magari pia, na usingizi wa mgonjwa na wa mtahiniwa ni haki yao. Kushindana kwenye barabara ya umma bila idhini ni kosa, na anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Watakuwapo watakaosema kwamba kwa kuyaeleza haya nimempa mtoto kiberiti. Nawajibu kwamba kiberiti anacho tayari. Gereji za Grogan na za Industrial Area haziulizi vyeti, na kijana mwenye pesa atapata turbo kesho asubuhi. Tunapomkemea bila kumfundisha, tunamsukuma kwenye giza la saa nane za usiku, ambako mwalimu wake ni kijana mwenzake. Afadhali ajue kwamba yako mahali pa kujipima kihalali. Mashindano ya magari yamekuwa yakiandaliwa kwenye uwanja wa Jamhuri, Nairobi, na katika Kaunti ya Kiambu, mashindano ya Kiamburing huendeshwa kwenye barabara iliyofungwa. Huko gari hukaguliwa, kofia huvaliwa, na anayeshindwa hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo. Mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe kwa kutenda, nasi twalalamika kwamba hatuna vifaa. Kifaa kimeegeshwa nje ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa hisabati na awatume wanafunzi wasome ubavu wa tairi na wakokotoe kipenyo chake. Mwalimu wa fizikia na apige hesabu ya mita 83 uwanjani, watoto wazihesabu kwa hatua zao. Mwalimu wa kemia anayo oktani, na wa jiografia ana hewa ya Nairobi na ya Mombasa. Fundi aliyejifunza kwa mikono yake naye na aalikwe darasani, maana wengi wao wanaijua sayansi hii ingawa hawajui majina yake ya vitabuni.

Na wewe mwanafunzi unayeota gari la kasi, sina nia ya kukuzimia ndoto. Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Usukani wako ni maarifa, na huu ndio wakati wa kuyatafuta, kabla hujapata pesa. Siku utakapolinunua gari hilo na kuja kunionyesha, usiharakishe kunifungulia boneti. Nitaanza kwa kuinama niyatazame matairi yako, nitakuuliza ulibadilisha lini mafuta ya breki, kisha nitaomba kuiona logibuku. Ukinijibu vizuri, tutaiwasha injini pamoja.