Paa Linalovuja na Hatari ya Umeme Nyumbani

Mwezi Februari 1872, Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, karibu na Tabora, katika tembe: nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Paa la namna hiyo lilipovuja, hasara ilikuwa ni shehena ya msafara kulowa. Leo, katika chumba cha kupanga mjini Tabora, tone lile lile hukuta waya wenye volti 230.

Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, na kwa kurudiarudia hivyo tundu la msumari hupanuka. Mvua zianzapo mwezi Novemba, maji hupita hapo, huilowesha dari, kisha huufuata waya hadi kwenye holda ya balbu, au hushuka ukutani hadi kwenye swichi. Matofali mabichi huyafyonza na huchelewa kukauka.

Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Lakini maji yatokayo paani yamekwisha kuyeyusha chumvi za vumbi na udongo, nazo ndizo zibebazo mkondo.

Wengi huitegemea fyuzi, na hapo ndipo penye kosa. Mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, volti 230 zikigawanywa kwa 1,000 hutoa ampea 0.23. Fyuzi ya ampea 5 haikatiki kwa mkondo huo, ilhali moyo waweza kuvurugika kwa mkondo ulio chini ya ampea 0.1. Fyuzi hulinda waya, si mtu. Kimlindacho mtu ni swichi maalumu ikatayo umeme mara ampea 0.03 tu zinapovuja.

Basi mpangaji aonapo ukuta umelowa karibu na swichi, asiiguse. Azime swichi kuu kwa mkono mkavu, akisimama pakavu. Maji yakiwa yametuama mbele yake, asisogee, bali awaite TANESCO. Katika nyumba ya vyumba vinavyotazamana ukumbini, mita aghalabu ni moja, hivyo majirani nao wataingia gizani na kunung'unika. Na wanung'unike.

Asubuhi ukuta huonekana mkavu, lakini ndani ya bomba la nyaya maji yaweza kuwa yangalimo. Fundi mwenye leseni hupima ukinzani wa kihami kwa volti 500. Ukiwa chini ya megaomu 1, umeme haurudishwi. Wakati huo mwenye nyumba ampandishe fundi bati juu ya paa, maana kulipaka rangi doa la dari hakuzibi tundu la msumari.