Uchunguzi juu ya afya ya vijana: sababu gani mtoto anajibu peke yake

Mtu wa uchunguzi anafika ku mlango, anasalimia, anaomba kusema pembeni na kijana wa miaka 15. Mara mingi mzazi anajibu: "Uliza hapa hapa, mu nyumba hii hatuna siri." Ni neno la mzazi mwema, lakini ndilo linaharibu kazi. Mtoto gani atasema mbele ya mama yake kama alishaonja kanyanga?

Kuanzia 2003, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) pamoja na CDC ya Marekani walisaidia inchi mbalimbali kuuliza wanafunzi wa miaka 13 mpaka 17. Shule na darasa zinachaguliwa kwa bahati, kisha kila mmoja anajaza karatasi yake bila kuandika jina. Hawaulizi "wewe ni mlevi?", kwani kila mtu analipima neno hilo kivyake. Wanauliza: mu siku 30 zilizopita, ulikunywa pombe siku ngapi? Mu miezi 12, ulipigana mara ngapi? Ulishawaza kujiua? Wazazi wamoja wanaogopa eti swali kama hilo linamtia mtoto wazo. Hapana. Watafiti walishaliangalia, na kuuliza hakuongezi hatari.

Shida kubwa iko pengine. Karatasi ya shule haimuoni mtoto asiyeenda shule: yule wa ku machimbo, yule anauzisha maji ku barabara, yule alikimbia vita na masomo yakakatika. Na pengine ndiye yuko mu hatari kuliko wote. Kule Kinshasa, mu 2017, uchunguzi mmoja wa vijana wa miaka 10 mpaka 14 mu Masina na Kimbanseke ulitafuta pia wale wasiosoma. Ni kazi ngumu zaidi, lakini bila hiyo hesabu inadanganya.

Uchunguzi mkubwa wa inchi, ule wa EDS, unapita nyumba kwa nyumba. Ule wa 2013-2014 ulionyesha kama wasichana 27 kwa 100, wa miaka 15 mpaka 19, walikuwa wamekwisha kuzaa ama wako na mimba ya kwanza. Ni hesabu yenye daktari wa eneo la afya anaweza kuweka ku meza akiomba wakunga na dawa. Lakini maswali yake yanaanzia miaka 15. Msichana wa 13 hayumo, na mtoto anayelala sokoni hana nyumba ya kubishwa hodi.

Mzazi ana haki ya kuuliza mbele ya kukubali: karatasi inaenda wapi, jina linaandikwa? Mtoto naye anaweza kukataa, ama kuruka swali. Na lile la kuuliza zaidi: akisema alibakwa, mtampeleka wapi? Dawa ya kuzuia ukimwi inafaa kuanzishwa mbele ya saa 72.