Kompyuta Kuukuu na Michezo: Tuanze na Sehemu Gani?

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu katika miji yetu ni za mtumba. Zilitumika maofisini kwa miaka kadhaa, kisha zikauzwa. Kwa kuandika barua na kufanya hesabu bado zinafaa sana. Lakini kijana akizitumia kwa michezo ya kompyuta, picha hukatikakatika, naye husema kwamba mashine imezeeka. Neno hilo halitusaidii, kwa sababu kompyuta ni mkusanyiko wa sehemu mbalimbali, na sehemu hizo hazipitwi na wakati zote kwa pamoja.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliweka akiba karibu mwaka mzima akanunua kadi ya michoro yenye nguvu. Alipofungua kasha la kompyuta yake aliona kwamba kadi ile ilihitaji waya wa umeme wenye pini 8, na mashine yake haikuwa na waya wa namna hiyo. "Mjomba," aliniuliza, "ndiyo kusema fedha yangu imepotea?" Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka hasara kama hiyo.

Sehemu iliyo nyuma

Mwaka 1967 mtaalamu wa Kimarekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo leo hujulikana kama Sheria ya Amdahl. Yeye alizungumzia kompyuta zenye prosesa nyingi, lakini hoja yenyewe inafaa hapa pia: ukiongeza kasi ya sehemu moja ya kazi, muda utakaouokoa hauwezi kuzidi ule uliokuwa ukitumiwa na sehemu hiyo.

Tuchukue mfano. Mchezo fulani huchukua sekunde 100 kufunguka, nazo sekunde 80 ni za kusubiri diski na 20 ni za prosesa. Tukinunua prosesa yenye kasi maradufu, sekunde 20 zitakuwa 10, na jumla itakuwa 90. Tukinunua badala yake diski yenye kasi mara 10, sekunde 80 zitakuwa 8, na jumla itakuwa 28. Ni sawa na vibarua wanaopitishiana makarai ya zege: yule mzito kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa mstari mzima.

Picha inavyotengenezwa

Katika mchezo, prosesa huamua kinachotokea: mpira umekwenda wapi, mchezaji amegongana na nani. Kisha kadi ya michoro hukokotoa rangi ya kila nukta ya skrini. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Ili jicho lione mwendo laini, inafaa zipatikane picha kama 60 kwa sekunde, yaani nukta 124,416,000 kila sekunde. Kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika.

Prosesa ya kawaida ya ofisini yenye viini 4 haikuundwa kwa kazi ya namna hii. Kadi ya michoro ina mamia ya vikokotozi vidogo vinavyofanya hesabu moja kwa nukta nyingi kwa wakati mmoja. Mathalani, kadi ya Nvidia GeForce GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ina vikokotozi 896. Tena ina kumbukumbu yake yenyewe, ambayo katika toleo la kwanza hupitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Kompyuta isiyo na kadi hutumia kitengo kidogo cha michoro kilichomo ndani ya prosesa, nacho hukopa kumbukumbu kuu ya mashine. Kibao kimoja cha kumbukumbu ya DDR3-1600 hupitisha baiti 8 mara milioni 1,600 kwa sekunde, yaani gigabaiti 12.8 tu. Vibao viwili vikipachikwa katika njia mbili tofauti, vitapitisha 25.6.

Pima kabla ya kununua

Tutazame mashine moja inayoonekana sana miongoni mwa za mtumba: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470. Mchezo wa Grand Theft Auto V, ambao ni wa watu wazima, ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliitaja prosesa hiyo hiyo miongoni mwa zilizopendekezwa. Hivyo kwa michezo ya miaka ile, prosesa siyo ya kwanza kushukiwa.

Lakini tusikisie. Chezesha mchezo ukiwa umeweka picha inayoonyesha idadi ya picha kwa sekunde, uiandike idadi hiyo. Kisha punguza ukubwa wa picha hadi nukta 1,280 kwa 720. Sasa kazi ya kukokotoa nukta imepungua mara 2.25, lakini kazi ya prosesa imebaki karibu vile vile. Idadi ya picha ikipanda sana, kikwazo ni kadi. Isipobadilika, kikwazo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia.

Utaratibu wa matumizi ya fedha

Kwanza, fanya yale yasiyo na gharama kubwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ondoa vumbi katika mapezi na feni, na uweke upya lihamu ya kupitisha joto juu ya prosesa ikiwa ya zamani imekauka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Usifungue kamwe kisanduku cha kugawia umeme, kwani ndani yake kuna kapasita zinazoweza kuhifadhi chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Pili, tazama kumbukumbu. Ikiwa gigabaiti 4 zilizomo hujaa wakati wa mchezo, zifanye 8 au zaidi, kwa vibao viwili.

Tatu, diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kwa wastani husubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2, mbali na muda wa kusogeza mkono wake. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Haitaongeza idadi ya picha, lakini itafupisha sana muda wa kusubiri mchezo ufunguke.

Nne, kadi ya michoro, na hapa hesabu ya umeme ni ya lazima. Tundu la kadi katika ubao mama hutoa wati 75, wala si zaidi. Prosesa tuliyoitaja imekadiriwa wati 77. Tukikadiria sehemu nyingine kuwa wati 50, jumla ni 202. Linganisha jumla hiyo na kiwango kilichoandikwa kwenye kisanduku cha umeme, na ubakize ziada ya kutosha. GTX 1650 imekadiriwa wati 75, lakini watengenezaji wengine waliiongezea tundu la pini 6, kwa hiyo itazame kadi kwa macho kabla ya kulipa. Pima pia nafasi: kasha jembamba huhitaji kadi fupi.

Mipaka

Kompyuta hii haitakuwa mpya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mwaka 2012 haimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Mfumo wa Linux hupatikana bure na huendesha michezo mingi, ingawa baadhi ya michezo ya kushindana kwa intaneti huukataa.

Mpwa wangu alibahatika: muuzaji alikubali ambadilishie kadi. Alichukua ndogo isiyohitaji waya wa ziada, na chenji ikatosha kibao cha pili cha kumbukumbu. Wengi hawapati bahati hiyo. Mwalimu wa fizikia mwenye kompyuta moja kuukuu shuleni anaweza kulifanya jaribio la ukubwa wa picha mbele ya darasa: wanafunzi wabashiri kikwazo kabla, wapime, kisha wajumlishe wati. Kalamu na karatasi vitatosha, na hakuna atakayepoteza fedha akijifunza.